Mpangaji wa Pafu la Kushoto

Lugha yangu ina neno moja tu
kwa kile kinachofunika vilima vya Rochdale asubuhi
na kile kinachoota nyuma ya kabati la nguo:
ukungu.
Daktari aliponiuliza nimeelewa nini,
nilimwonyesha dirisha, kisha ukuta wa zahanati,
kisha kifua changu.
Akasema, hapo pa mwisho ndipo.

Miaka kumi na tisa nyuma kifua kikuu kiliniachia tundu,
juu, kushoto, kubwa kama ndimu.
Nikaambiwa umepona, nenda kaishi.
Sikuambiwa kwamba chumba kikikaa wazi
hakikosi wa kukitaka.
Kuvu akaingia bila mkataba,
akajiviringa kama pamba ya mto uliopasuka,
akakaa.
Nilikohoa damu kwenye sinki la kiwanda cha biskuti,
zamu ya usiku,
nikafungulia bomba upesi
msimamizi asije akazima mashine kwa ajili yangu.

Muuguzi Siobhan Entwistle alinikatia jina la dawa vipande vipande
kama anayemmegea mtoto mkate:
vo-ri-ko-na-zo-li.
Silaba sita. Nikaongeza "yangu", zikatimia nane,
nikatoka nayo hospitali kama kipande cha shairi
kisichojua kina chake kitaangukia wapi.

Saa kumi na mbili, na tena saa kumi na mbili.
Tumbo tupu: lisaa kabla ya chai.
Haimuui mpangaji kwa panga.
Inamnyima mafuta anayojipakia ngozi yake,
inamfungia stoo,
akae humo avuje.

Na macho yangu nayo yanalipa.
Nusu saa baada ya kumeza, pazia la jikoni
linakuwa la kijani ambacho hakijapata jina,
birika linavaa taji,
taa za barabarani zinaota manyoya.
Wa kwanza kuniona nikimtazama birika hivyo
alikuwa Somoe, binti yangu. Aliniita mara tatu.

Halafu jua. Mimi, mzaliwa wa Lindi,
niliyeanika muhogo kichwa wazi mwezi wa kumi,
nimebabuliwa na jua la Aprili la Rochdale,
jua la kuazima, dakika ishirini kituo cha basi!
Somoe alicheka hadi akakaa chini,
kisha akaninunulia kofia pana na glovu
na hakucheka tena.

Kila wiki mbili wananitoa damu.
Chupa moja ya kupima dawa: ikipungua, kuvu anastarehe,
ikizidi, naona watu wasiokuwepo.
Chupa nyingine ya ini.
Kwetu aliyevunjwa moyo husema amekatwa maini.
Hapa maini yanaletwa kwa namba, kwenye bahasha,
na namba ya mwezi jana ilipanda kidogo.
Kidogo. Wamelisema neno hilo mara nyingi mno.

Mwenye nyumba, Bwana Clegg, alipata barua ya daktari.
Alikuja na kopo la rangi,
akapaka nyeupe juu ya ukungu wa ukuta
akipiga mluzi.
Kufikia Novemba madoa yalikuwa yamerudi
mahali pale pale, kama watu wanaojua viti vyao.

Leo wamenionyesha picha ya pafu.
Hajapungua, akasema daktari, hajaongezeka.
Alitaka nifurahi, nikafurahi
kwa adabu, kisha, ndani ya basi, kwa kweli.
Mtu anaweza kuishi na mpangaji
asiyeongeza watoto.

Sasa ni saa kumi na mbili, sijui ipi;
nje kweupe, ndani kweupe.
Nimemeza.
Pazia linaanza.
Chai inangoja, na mkate, na siagi.
Zimebaki dakika arobaini.